Neno Lililokatika Biharamulo

Ildefonsa alisikia sauti za watu wengi na kuzungumza na wachache. Kazi yake ilikuwa kwenye redio ya mawasiliano ya zahanati ya misheni, Nyamiaga, katika chumba kidogo kilichonuka asidi ya betri. Vituo vyote vya misheni, kuanzia Ngara hadi Bukoba, vilitumia wimbi moja. Wawili wakisema kwa pamoja, wote walipotea, ukabaki mluzi mtupu. Kwa hiyo kila kituo kilipangiwa muda wake wa kungoja baada ya hewa kunyamaza, na Nyamiaga ndiyo iliyongoja kuliko vyote. Alishazoea. Mumewe, Desderius Minani, alikuwa ameondoka na mgambo kwenda vitani, na nyumbani nako hakukuwa na wa kumjibu.

Mwenye shida alikuwa Gozbert, mtu wa redio wa Biharamulo. Mashine yake ilikuwa kuukuu. Ukibonyeza kitufe, ilichukua kitambo kabla ya kuanza kurusha sauti. Gozbert hakuwa na subira hiyo. Alibonyeza na kusema papo hapo, na maneno yake ya kwanza yakabaki kule kule kwake.

"Ndugu Gozbert," Ildefonsa alimwambia mara nyingi, "bonyeza, vuta pumzi, ndipo useme."

Gozbert alicheka, akafuata siku mbili tatu, akasahau.

Alasiri moja, vita vikiwa vimepamba moto na hewa imejaa watu wanaoomba dawa na magari, sauti yake ilipenya ghafla.

"...Desderius Minani wa Nyamiaga, amefariki hospitalini Bukoba. Wapeni habari nyumbani. Ova."

Ildefonsa alibonyeza. "Biharamulo, rudia mwanzo. Rudia mwanzo."

Kituo kingine kilikuwa kimeshadakia, wakagongana, ukaja mluzi. Akangoja zamu yake. Mwingine akamtangulia. Kisha muda wa kufunga ukafika, na Biharamulo ikazima mashine kuokoa betri.

Alibaki amekaa, kidole kwenye kitufe. Ujumbe ule ulikuwa umekatwa kichwa, hilo alilijua. Lakini Gozbert alizoea kuanza na "Ndugu". Huenda kilichopotea ni hicho tu.

Jioni jirani yake Kalista alimkuta kwenye giza, jiko limepoa. Mume wa Kalista, Gervasi, aliondoka kwenye lori moja na Desderius, na tangu siku hiyo wanawake hao wawili walipalilia shamba la kijiji bega kwa bega.

"Hujawasha moto leo, dada."

"Kichwa kinaniuma."

"Redio imesema nini?"

"Haikusikika vizuri."

Kalista alimtazama usoni. Aliwasha moto, akaleta ndizi na maharage kutoka kwake, akamsugua mgongo kama anavyosuguliwa mgonjwa. "Hata ikiwa mbaya," alisema, "hutalia peke yako."

Ildefonsa alitamani kumwambia. Lakini angeanzaje kumlilia mtu asiyejua kama amekufa? Alihisi kwamba akilia tu, atakuwa amemzika.

Asubuhi hakungoja zamu. Hewa ilipofunguliwa, aliita wa kwanza.

"Biharamulo, ule ujumbe wa jana. Bonyeza, ngoja, ndipo useme. Nakuomba, Ndugu Gozbert."

Ukaja mvumo mtupu. Alijua sasa kitufe kimebonyezwa, na kwamba mwenzake anangoja. Halafu sauti ikaja nzima.

"Gervasi, mwenzake Desderius Minani wa Nyamiaga, amefariki hospitalini Bukoba. Desderius mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Ova."

Kicheko kifupi kilimtoka Ildefonsa. Akaziba mdomo kwa kiganja, akatazama nyuma yake, kama kuna aliyemsikia. Hapakuwa na mtu.

Alimkuta Kalista shambani, akamwambia pale pale kwenye matuta, maana hakuona njia nyingine. Wanawake walitupa majembe wakapiga yowe.

Matanga yalipoisha na watu kutawanyika, Kalista alimwita kando.

"Ile jioni niliyokuja kwako, ulishajua?"

"Nilijua mtu amekufa. Nilidhani ni Desderius."

"Na asubuhi uliposikia ni Gervasi?"

"Nilishukuru," Ildefonsa alisema.

Kalista alitikisa kichwa polepole. "Hata mimi ningeshukuru."

Alilisema bila hasira, lakini hakuja tena kumwashia moto. Baada ya mavuno kaka zake walimfuata, wakamchukua yeye na watoto wake kwenda kwao Kasulo.

Gozbert naye alibadilika. Tangu siku ile alikuwa akibonyeza na kungoja sana, hata vituo vingine vikadhani mashine yake imekufa.

Vita vilipokwisha, Desderius alirudi, mkono wake mmoja haukunjuki. Jioni ile ile alimuuliza Kalista alipo.

"Yuko Kasulo."

"Habari alipewa na nani?"

"Na mimi."

Kesho yake Desderius alishika njia ya Kasulo kumpa pole mjane wa mwenzake, na hakumwambia mkewe waende pamoja. Ildefonsa akaenda kwenye redio. Hewa ilikuwa imetulia. Hakuna aliyeomba gari wala dawa. Alisikiliza mvumo hadi alasiri, kisha akarudi nyumbani akapika chakula cha watu wawili, bila kujua kama mumewe atarudi siku hiyo.