Bega la Mama Hilda

…hapana, bega la kushoto limeshuka zaidi, miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kuliona, mke wangu yuko pale uani kwenye kigoda, amenipa mgongo, anapepeta uwele, na mimi hapa mlangoni na penseli na daftari ambalo Hilda wetu hakulimaliza shuleni, anasema wageni wa Jumapili watalala wapi, Baba Hilda, unanisikia lakini, nakusikia mama, na shingo imetoka ndefu mno, basi iwe ndefu… mwaka mzima tangu nistaafu ofisi ya ardhi watu wananiambia, Mzee Elisha, mkono kama wako unakaa bure, chora hata maua, wao wanakumbuka ramani zangu za viwanja, wino mweusi, rula, pumzi nimeibana, hawaujui ule mstari, mwembamba kama unywele, niliuvuta mchana wa joto nimechoka, ukapita kwenye shamba la Bi Mwantum kule Makutupora, ukamkata hatua nne za ardhi yake, akaja ofisini, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaweka kidole kwenye karatasi, akasema, hapa ulipompa jirani ndipo nilipomzika mume wangu, hakupaza sauti, afadhali angenitukana, nikakiri kwa maandishi siku ileile, ramani ikachukua miaka miwili kurekebishwa, yeye alikaa miezi minane tu akafariki… tangu hapo nilichora kwa sababu ni kazi, kila mstari naupima mara tatu, siku nilipokabidhi kalamu nilishukuru Mungu… magodoro tuazime kwa majirani, kina Yoramu, anasema, au unaonaje, sawa mama, na mstari wa bega nao umepinda, nilijua utapinda, nasubiri moyo udunde kama zamani, haudundi, nautazama, umepinda tu, hakuna aliyenyang'anywa kitu, nauvuta mwingine juu yake, wa tatu, huu umekaribia, penseli inakwaruza karatasi taratibu, kumbe ina sauti, rula ilikuwa inaifunika, na vumbi la pumba linavyomzunguka kichwani nalichoraje, nalisugua kwa kidole, kidole kimekuwa cheusi, nimefurahi, mtu mzima mimi, nimefurahi kwa kidole cheusi…

"Mbona kimya? Unaandika nini huko?"

"Nakuchora."

"Mimi? Na kanga hii iliyochanika?"

"Na hiyohiyo."

…anacheka, bega linatikisika, ungo unatikisika, uwele unamwagika chini, kuku wanakimbilia, kila nilichokuwa nakiona kimehama, nageuza ukurasa, anauliza nitulie, nasema hapana, usitulie, wewe pepeta tu, nikikosea nitachora tena, na nikikosea tena, basi, leo ni Jumamosi na kurasa zipo nyingi, nianzie kwenye mkono, au kwenye ungo, nianzie popote…