Nyasi za Ukweni

Kiti cha plastiki cha mama mkwe kiliingizwa ndani kabla Matiko hajashusha hata zulia moja la nyasi bandia. Mlango wa jikoni ukafungwa, madirisha ya uani yakafungwa, mapazia yakavutwa. Matiko akabaki amesimama kwenye ua mtupu, jua la Bunda likimpiga utosini, akijiona kama mwizi aliyekabidhiwa funguo.

Desturi yao haikuwa na mzaha: mwanamume na mama mkwe wake hawakutani macho. Na uani ndiko yalikokuwa maisha yote ya mama yule, kuanzia mafiga na kuku hadi choo. Kila alipotaka kwenda chooni, Rhobi alipiga makofi mlangoni, na Matiko akaweka chini kisu chake cha kukatia mazulia, akaenda kuukabili ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Rhobi alikuwa mkewe. Angalau hakuna aliyemwambia vinginevyo. Wakati wa masika alifunga begi lake akarudi kwao, na tangu siku hiyo Matiko alikuwa akisema atamfuata kazi ikipungua. Kazi ina adabu gani hata ipungue? Alitandika viwanja Musoma, akatandika Mwanza, akatandika Kiabakari, na usiku alilala na viatu. Kisha bosi wake akampa kazi ya kutandika kiwanja kidogo cha mpira nyuma ya nyumba ya bwana mmoja wa Bunda, watoto wapate pa kuchezea likizo. Gari lilipokata kona ya mwisho ndipo Matiko alipolitambua lango la shemeji yake, Ryoba, kaka wa Rhobi. Angeweza kukataa, lakini alikuwa amechoka, na hata kukataa ni kazi. Mwenzake na gari wakaendelea na safari yao, wakiahidi kumpitia jioni. Mwanamume hufuata mke akiwa na wazee na maneno yaliyopangwa. Yeye aliachwa pale na kisu na ndoo ya gundi.

"Rhobi!" Sauti ya mama ilitoka nyuma ya pazia. "Mwambie fundi afanye haraka. Nimechoka kuivishwa humu kama kiazi."

Rhobi akatoka hadi kizingitini. "Mama anasema ufanye haraka."

"Nimesikia."

"Najua umesikia."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote tangu asubuhi.

Alasiri, zulia la mwisho lilipokwisha kubandikwa, Matiko alirudi nyuma kuitazama kazi yake, na moyo ukamshuka. Majani ya nyasi bandia hulala upande mmoja kama manyoya ya ng'ombe, na mazulia yote hutandikwa yakilalia upande huo huo. La katikati alikuwa amelitandika kinyume. Kosa hilo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa mwanafunzi wa kazi. Akavuta mfuko wa mchanga wa kunyunyizia. Mchanga ungeficha kidogo, gari lingekuja, na yeye angeondoka. Lakini mikono ilikataa kuuinua. Akaketi juu ya mfuko.

"Rhobi, muulize fundi, kile kipande cha katikati mbona kimekaa kama kimenyeshewa?" mama aliuliza akichungulia pembeni mwa pazia.

Rhobi alikuja hadi ukingoni mwa kiwanja, asiulize kitu.

"Nimekigeuza," Matiko alisema. "Nilichoka, sikuona."

"Ndivyo ilivyokuwaga. Unarudi umechoka, unalala, unaondoka. Nikawa nakaa mle ndani kama mtu anayelinda mzigo wa msafiri."

Jibu la siku zote lilimjia mdomoni, kwamba alikuwa akihangaika kwa ajili yao wawili. Alilionja, akaona limechacha.

"Si kazi iliyonizuia kuja," alisema. "Niliogopa. Nikija na wazee, ukatae mbele yao, ningeiweka wapi sura yangu? Nikaona afadhali nichoke."

Rhobi aliangalia chini. Hakusema amesamehe, na Matiko hakuthubutu kuuliza. Alipiga magoti, akaanza kulibandua zulia kabla gundi haijakauka. Lilikuwa zito. Alipoinua ncha moja, nyingine ilijiburura na kuyavuruga mazulia ya pembeni. Alihema, akajaribu tena, akashindwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitamani kulia.

Rhobi alivua kandambili, akakanyaga zile nyasi, akainama akashika ncha ya pili.

"Tunageuzia wapi?"

"Zunguka uje huku nilipo. Mimi naja huko."

Wakazunguka polepole, zulia limening'inia kati yao, hadi kila mmoja akasimama mahali alipokuwa mwenzake. Ndipo honi ya gari ikalia nje ya lango. Matiko alishtuka, akavuta kwa pupa, zulia likaenda upande.

Pazia la jikoni likatikisika.

"Rhobi," mama aliita, sauti imekauka kwa joto. "Mwambie mumeo asifanye haraka."

Rhobi aliinua macho. "Umesikia?"

Matiko alikuwa amesikia. Honi ililia tena, na hakuna aliyeachia ncha yake ya zulia.