Misiba ya Jumatano

"Mimi Hajira siogopi mtu, siogopi jini," alizoea kusema yule mwenye duka la kanga, kisha akaongeza mwenyewe kabla hajaulizwa, "isipokuwa panya, ngazi za ghorofani, na siku hizi mlango wa duka langu."

Watu walicheka. Walidhani ni utani wake wa kila siku.

Ilianza Idi ilipokaribia, Kariakoo imefurika, mikokoteni na wapita njia wanapigana vikumbo. Hajira alikuwa anamkunjulia doti mteja kutoka Lindi, anamsomea jina la kanga, mara moyo ukaanza kutwanga kama kinu cha kisamvu. Jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi. Akajua anakufa. Akamwachia mteja kanga mkononi, akatoka mbio hadi barabarani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kandambili moja mguuni na nyingine imebaki dukani.

Hakufa. Tangu siku hiyo ikawa kazi yake, kutokufa mara mbili tatu kwa wiki.

Hospitalini walimpima moyo wakamwambia ni mzima. Ndugu wakamletea kombe la aya za Kurani, akanywa, akashukuru, na mapigo yakarudi palepale. Mwishowe daktari akamwambia, mama, huu ni wasiwasi uliopitiliza, una tiba yake, akamwelekeza kwa mshauri mmoja Upanga. Hajira akarudi nyumbani amechoka kuliko mbeba marobota. Kwa sababu Kariakoo ukisikika una ugonjwa wa kichwani, watu wanakuonea huruma, na huruma hainunui kanga.

Lakini usingizi ulishamkimbia, na kila asubuhi alilizunguka duka lake mwenyewe kama mwizi kabla ya kushika kufuli. Kama si tiba, basi ni kufunga duka akakae nyumbani atazame ukuta. Akaamua aende. Ikapangwa iwe kila Jumatano.

Sasa aage vipi? Jirani yake wa mlango wa pili, Klara, Mchaga wa Machame muuza masufuria, ni mtu mwenye macho. Ukienda chooni, ukirudi anakuuliza ulikuwa wapi. Hajira akawaza, akaona Dar es Salaam udhuru usiopingwa na mtu ni mmoja tu.

"Nimefiwa, shoga. Binamu yangu wa Kigamboni."

"Pole jamani. Mnazika lini?"

"Leo hii hii, baada ya adhuhuri. Si unatujua sisi, maiti hatuilazi."

Ujanja wenyewe ulikuwa hapo. Kwao Klara maiti husafirishwa mpaka Machame, watu wakajipanga, wakashona na sare. Kwao Hajira, kabla Klara hajapata wa kumwachia masufuria, mtu ameshazikwa na wazikaji wameshanawa mikono. Wa mwanzo walikuwa marehemu wa kweli, wa miaka mingi. Hajira aliwazika upya kwa adabu, akawasomea Fatiha njiani ili wasimwandame. Walipokwisha, akabaki na walio hai. Ndipo Jumatano moja akamuua shangazi yake Zamzam wa Magomeni, kwa hoja kwamba magoti ya shangazi yalishagoma, hawezi kuja Kariakoo kukanusha.

Kule Upanga chumba kilikuwa kidogo, feni inalalamika. Mshauri, Winifrida, alikuwa na umri wa kitinda mimba wa Hajira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo unanipa vidonge?"

"Leo tunavuta pumzi tena."

"Nimezivuta tangu nizaliwe, mwanangu, na hakuna aliyenifundisha."

Winifrida alicheka, lakini wakavuta. Polepole kuingia, polepole zaidi kutoka. Alishamfundisha kwamba ile hofu ni kama mgeni mjuvi: ukimkimbia anakufuata, ukimfukuza anapiga kelele, ukimwacha akae zake mkekani, mwisho anachoka anaaga. Na kweli, mara ya mwisho moyo ulipoanza, Hajira alikaa juu ya robota la kanga akaungoja. Ulitwanga, ukatwanga, ukapoa. Hakutoka mbio. Alibaki na uchovu tu, uchovu wa aliyeosha vyombo vya harusi nzima peke yake.

"Na lile la kumwambia mtu mmoja?" Winifrida aliuliza. "Tulikubaliana, mama. Kuficha nako ni mzigo, ndio unaokuchosha."

"Nimemwambia jirani yangu Klara."

"Akasemaje?"

"Alilia sana. Ikabidi mimi ndiye nimbembeleze."

Winifrida alimtazama. Hajira akaanza kuikagua feni.

Jumatano iliyofuata alifika dukani hana nguvu ya kumuua mtu mwingine. Kuua nako kunachosha; lazima ukumbuke ugonjwa, ukumbuke watoto waliobaki, ukumbuke nani alizimia. Akaona amtumie marehemu yuleyule.

"Leo nafunga mapema, shoga. Kuna hitma ya shangazi."

Klara alikuwa anapanga masufuria, makubwa chini, madogo juu. Hakuinua kichwa. "Shangazi Zamzam?"

"Ndiye."

"Aliumwa nini vile?"

"Presha. Ilimpanda ghafla, yuko kwenye mswala."

"Maskini. Alikufa vizuri lakini?"

"Kama amelala. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Klara aliweka sufuria la mwisho, akafuta mikono, akavuta kigoda chake, akaja kukaa katikati ya mlango wa duka la Hajira.

"Mimi Jumapili nilitoka kanisani," alisema, "nikawaza, huyu mwenzangu anazika kila wiki, wala sijawahi kukaa naye matanga. Ujirani gani huu? Nikabeba mchele na sukari, nikachukua bajaji mpaka Magomeni, nikaulizia nyumba ya marehemu Bi Zamzam."

Kinu kikaanza kifuani. Hajira alitazama mlango; Klara ameujaza wote. Akajishusha juu ya robota, akavuta pumzi polepole, akaitoa polepole zaidi.

"Nani alikufungulia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Marehemu mwenyewe. Alinipa chai na vitumbua. Anakusalimia sana, anasema tangu umzike hujamtembelea." Klara aliegemea kizingiti kama mtu asiye na haraka. "Masufuria yangu nimeyafunika, shoga, nina siku nzima. Jumatano zote hizi unaenda wapi?"

Hajira alifungua mdomo aseme shangazi alikuwa na pacha wake. Pacha akakataa kutoka.