Pumzi za Mayala

Mkulima wa pamba ni mtu wa ajabu sana. Mwambie anywe sumu, atakuona mwendawazimu. Lakini bomba lake la kupulizia dawa ya wadudu likiziba, analitia mdomoni na kulinyonya lizibuke! Ndicho alichofanya Mayala asubuhi ile, shambani kwake nje ya Misungwi. Saa saba mchana akafikishwa kituo cha afya kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mkewe Kija, povu linamtoka na kichwa kinaning'inia.

"Mmempa nini?" Hellen, daktari wa zamu, aliuliza huku wakimlaza kitandani.

"Maziwa, daktari," alijibu Kija. "Si yanaua sumu? Nimemnywesha mpaka yakamwagika."

Maziwa! Hellen alitamani kumzaba kofi. Kila msimu wanaambiwa, na kila msimu wanamnywesha mtu asiyeweza hata kumeza mate yake. Lakini midomo ya Mayala ilishaanza kuwa ya bluu. Akambana barakoa usoni, akaanza kumpulizia hewa kwa ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono. Hewa iligoma kushuka. Ilibidi aingiziwe mpira wa kupumulia, tena upesi.

Aliinua ulimi kwa chuma chenye taa, akachungulia kooni. Hakuona kitu. Mabonge ya maziwa na povu vilijaa pomoni. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo muuguzi Pius alifyonza kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu. Inafyonza kidogo, bonge linaziba mrija, anaukung'uta, anaanza upya. Hellen akaingiza mpira kwa kubahatisha. Akaminya ambu; tumbo likavimba, kifua kikabaki kimelala. Umeingia njia ya chakula! Akauchomoa.

"Mapigo arobaini, daktari," alisema Pius. "Yanashuka."

"Nipe ile fimbo ya kuongozea."

Ni kijiti chembamba cha plastiki, kinapindika, ncha yake imekunjwa kidogo. Kinatangulia peke yake, mpira unafuata juu yake. Hellen alikuwa amekitumia mara moja tu maishani, kwenye semina, kwa mwanasesere. Aliona ukingo tu wa kile kinyama kinachofunika njia ya hewa, basi, akapitisha ncha chini yake na kusukuma polepole. Mungu wangu, nisaidie. Kwa, kwa, kwa. Ncha ilikuwa inagonga pingili ngumu, na njia ya chakula haina pingili.

"Ndiyo yenyewe! Leta mpira!"

Pius akauvisha juu ya fimbo, ukashuka, ukakwama. Hellen akauzungusha kidogo, ukapita. Fimbo ikatolewa, ambu ikachomekwa, ikaminywa. Kifua kikapanda pande zote mbili. Pius akacheka kama mtu anayetaka kulia.

Lakini mashine ya kupumulia iko hospitali kubwa, Mwanza mjini, na Pius asingeweza kuondoka, maana kulikuwa na mama katika chumba cha kujifungulia. Ndani ya gari la wagonjwa Hellen alihitaji mkono mmoja wa kushikilia mpira na mwingine wa kuchoma sindano. Hakukuwa na mtu wa kuminya ila Kija.

"Minya. Hesabu mpaka tano, minya tena. Usilale, usikimbie."

Kija akaminya. Alikuwa ameyaona yale mabonge yakitolewa.

"Daktari, ni mimi niliyemziba?"

Hellen angeweza kumdanganya. Hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Ndiyo. Minya."

Kija hakulia. Alihesabu kwa sauti, moja mpaka tano, barabara nzima, wakapita Mkolani, vidole vimekufa ganzi na jasho linamdondokea mumewe kifuani. Kila Hellen alipomgusa bega ili wapokezane kidogo, alitikisa kichwa.

Hospitalini wauguzi walikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Mmoja akanyoosha mkono kuchukua ambu.

"Mama, lete. Sasa ni kazi yetu."

"Tatu, nne, tano," Kija akaminya. "Pumzi yake niliikata mimi. Niacheni nimpe mimi."

Yule muuguzi akamgeukia Hellen, amekasirika. Hellen alimwambia amwache Kija aendelee. Wakasukuma kitanda kuelekea chumba cha mahututi, Kija akitembea ubavuni, akihesabu.