Jua la Uani Laenda Mjini

Siku moja kabla ya safari, Njambi alibandika sufuria ya mayai jikoni, akarudi mezani kupanga. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwake safari yoyote ilikuwa ziara ya shule, hata hii ya kutoka Uthiru kwenda katikati ya Nairobi na kurudi jioni. Ilihitaji chakula cha kubeba, mahali pa kujisaidia, na mtu wa kuwahesabu wasafiri kila wanapopanda gari.

"Tuko wangapi, Mwalimu?" alimwuliza mwalimu mwenzake wa zamani.

"Mimi na wewe," Ravneet alijibu kutoka mlangoni. "Mwaura. Na jua."

"Jua halili mayai."

"Basi lisihesabiwe kwenye mayai. Lihesabiwe kwenye gari."

Ravneet alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha nje. Ilikuwa Julai, na Uthiru nzima ilikuwa imejikunyata chini ya mawingu, watu wamevaa majaketi na kofia za sufu. Lakini kando ya tangi la maji la Njambi kulikuwa na kipande cha jua kipana kama zulia la sebuleni. Miguu ya Ravneet ilikuwa ndani yake.

Lilikuwa jua la uani kwa Ravneet. Ravneet na Njambi walifundisha shule moja miaka mingi, wakapeana chaki, fununu na mbegu za maua, na wote wawili walikuwa sasa wajane. Ravneet aliishi Kilimani, katika nyumba ya chini yenye ua wa saruji na mlimau uliopandwa na marehemu mumewe, Ajit. Kisha ng'ambo ya ukuta likaanza kupanda jengo. Kibali kilisema ghorofa nane. Wajenzi walifika kumi na nane. Ravneet alikwenda kuuliza, akaambiwa kwa upole kwamba kilichojengwa kimeshajengwa. Jengo lilipopita ghorofa ya tisa, ua ulipoteza asubuhi yake. Lilipopita ya kumi na nne, ukapoteza adhuhuri. Jua lililokuwa limezoea kulala pale lilining'inia ukutani kwa muda, halafu likaondoka.

Ravneet, ambaye magoti yake hayapatani na baridi, alikuja kukaa kwa Njambi kwa wiki mbili. Wiki ya tatu jua lilimfuata. Njambi alilikuta asubuhi juu ya sukuma wiki zake. Alilitambua mara moja, kwa sababu kwenye pembe moja bado lilikuwa na kivuli cha majani ya mlimau, kikichezacheza, ingawa uani kwake hapakuwa na mti wowote. Alilionyesha mahali pakavu kando ya tangi, nalo likahamia. Tangu hapo majirani walileta nepi na mahindi kuanika, wakisema "hodi" kwanza.

"Nikilirudisha Kilimani likakubali kukaa," Ravneet alikuwa amesema, "na mimi nitarudi kwangu. Mtu hawezi kuwa mgeni mpaka Krismasi."

Njambi alisema hilo ni neno la haki. Alikuwa ameshazoea kutoa vikombe viwili kabatini, lakini hilo hakulisema.

Alipanga njia kwa makini. Waiyaki Way haikufaa, kwa sababu mbele kuna barabara ya juu, na tangu mambo ya lile jengo jua hilo halikupenda zege juu ya kichwa chake. Wangepita Naivasha Road, Kawangware, Satellite, watokee Ngong Road. Kilimani iko kabla ya kufika mjini, lakini Njambi alisema hakuna ziara ya mjini isiyofika mjini. Jua lilikuwa halijawahi kufika huko hata siku moja. Lingeonyeshwa bustani kwanza, kisha lipelekwe nyumbani.

Asubuhi ya Alhamisi Mwaura, mpwa wa Njambi anayeuza chakula cha kuku, alirudisha pikapu yake nyuma mpaka kwenye tangi.

"Tata, hii jua tunaifunga na kamba ama inajishikilia?"

"Muulize Mwalimu."

"Linajishikilia," Ravneet alisema. "Wewe usikanyage breki kama unaua nyoka."

Jua lilipanda, likajitandaza nyuma juu ya magunia matupu. Njambi aliwahesabu wasafiri, akafunga mlango.

Safari ilikwenda vizuri. Penye madaraja ya miguu jua liliyaruka, likirudi garini upande wa pili. Karibu na Dagoretti Corner askari wa trafiki aliwasimamisha, akazunguka gari, akaangalia nyuma, akamgeukia Njambi kama anayemwuliza nyanya yake.

"Shosh, mmebeba nini?"

"Jua," Njambi alisema.

"La kuuza?"

"La nyumbani."

Askari alipasha viganja vyake upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mngelifunika," alisema. "Mtu akiwa nyuma yenu linampiga machoni." Akawapungia mkono waende.

Katika Bustani ya Jeevanjee jua lilishuka, likalala kwenye nyasi karibu na benchi. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Makarani waliokuwa wamejificha ndani ya makoti yao waliliona, wakaja, na bila kuambiwa wakapanga foleni. Njambi alisimamia zamu, kila kundi likae mpaka masikio yapate joto. Mhubiri aliyekuwa akifoka juu ya moto wa milele alikatiza mahubiri, akapanga foleni naye. Mwuza soksi alifunga mfuko wake, akasema leo hakuna biashara, akalala chali. Msichana mmoja aliuliza kile kivuli pembeni ni cha mti gani, na alipoambiwa ni mlimau alikaa hapo hapo kwenye kivuli, akinusa.

Askari wa kaunti alikuja na rungu lake. "Hii kitu imepewa ruhusa na nani?"

"Foleni inaanzia huku, mwanangu," Njambi alimwambia. Askari akaenda nyuma ya foleni.

Walikula mayai na chapati, wakanywa chai ya chupa. Ravneet alicheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu jua lilikuwa limejaribu kupanda juu ya njiwa na njiwa wakalikwepa. Njambi hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu enzi za chumba cha walimu. Halafu aliwahesabu wasafiri, wakaenda Kilimani.

Mlinzi wa jengo, Mbithi, ndiye aliyekuwa akimtunzia Ravneet nyumba. Alifungua lango. "Mwalimu, karibu kwako. Mti bado unapumua, lakini shingo upande."

Mlimau ulikuwa umebaki na majani machache, yote ya manjano. Jua lilishuka garini, likasimama kidogo langoni, kisha likaingia uani na kulala mahali pake pa zamani, ukingo kwa ukingo, bila kubakiza hata sentimita. Kivuli cha majani kilifika chini ya mti kikakaa. Baada ya muda majani yalianza kuchipua, moja moja, kila moja juu ya kivuli chake. Maua yakafuata, na nyuki wawili ambao hakuna aliyewaita. Kufikia saa tisa malimau yalikuwa yameiva, na Mwaura alikuwa juu ya ngazi akichuma.

"Shosh!" Msichana aliita kutoka ghorofa ya tatu. "Hiyo jua mmetoa wapi? Huku kwangu haijawahi kuingia!"

"Wewe ni nani?" Njambi aliuliza.

"Becky!"

"Teremka, Becky. Beba nguo zako."

Becky aliteremka na beseni, na wenzake wanne nyuma yake. Halafu akaja msimamizi wa jengo, Jackton, aliyevaa suti safi.

"Kuna malalamiko," alisema. "Mwanga umeingia ofisini. Mnaruhusiwa kuangaza hapa?"

"Nyinyi mliruhusiwa ghorofa ngapi?" Ravneet aliuliza.

"Nane."

"Na ziko ngapi?"

Jackton aliinua kichwa, akazitazama kwa adabu. "Kumi na nane."

"Haya."

"Mimi ni mwajiriwa tu, mama." Alivua koti, akalikunja vizuri, akauliza kama kuna chai imebaki. Ilikuwepo.

Karibu na saa kumi na moja jua lilianza kufifia kwenye kingo. Lilipanda ukutani kidogo, likatafuta, likarudi chini. Likapanda tena, likarudi. Ravneet aliweka kiganja chake juu yake, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Halipati njia ya kwenda juu," alisema. "Likilala hapa litazimika."

Aliinuka, akamwambia Mwaura aandae gari. Kisha alifunga dirisha la jikoni, akaugusa mlimau, akamwachia Mbithi mfuko mmoja wa malimau. "Wape wa ghorofani. Waambie yametoka chini."

Ndani ya pikapu Njambi aliwahesabu wasafiri. Mwaura yupo. Ravneet yupo. Jua lipo, limejikunja juu ya magunia. Alipomaliza alihesabu tena tangu mwanzo, ingawa haikuhitajika.

Wiki iliyofuata Ravneet alitengeneza achari, ambayo hakuwa ameitengeneza tangu ua wake ulipoingia giza. Alikata malimau, akatia chumvi, manjano na pilipili, akapanga chupa kando ya tangi, juani. Pembeni kivuli cha majani kilikuwa kimeongezewa vivuli vya mviringo, vya malimau. Mezani Njambi alikuwa akipanga ziara ya Alhamisi nyingine, ya kulipeleka jua Kilimani na kurudi nalo, na safari hii mayai yalikuwa mengi zaidi, kwa sababu Becky na wenzake walikuwa wameahidi kuteremka tena.

Simu ya Ravneet iliita. Alikuwa Mbithi.

"Mwalimu, wameanza kumwaga zege ya ghorofa ya kumi na tisa."

"Na mlimau?"

"Uko. Unawangoja."

Ravneet alisema sawa. Kisha akainama, akazigeuza chupa moja baada ya nyingine, ili upande wa pili nao upate jua.