Kitinda Mimba Auliza Maswali

Kwa miaka mingi maswali ya usiku wa Pasaka ya Kiyahudi yalikuwa kazi ya wajukuu. Mwaka huu wajukuu wote walikuwa wameikimbia vita, wakaenda Poland na mama zao. Katika nyumba ya Mama Tsilya huko Saltivka, pembezoni mwa Kharkiv, walibaki watatu tu: bibi kizee mwenyewe, binti yake Inna, na kitinda mimba wake Grisha, fundi wa gesi aliyekaribia miaka sitini.

Inna alitandika kitambaa cheupe kwenye sakafu ya korido, maana vyumbani mabomu yalikuwa yamevunja vioo vyote. Umeme haukuwepo. Aliweka shingo ya kuku mahali pa mfupa wa kondoo unaotakiwa na desturi, na kwa kukosa divai akafungua mtungi wa juisi ya cheri. Moyoni aliona aibu. Hii nayo Pasaka?

Grisha akaingia akihema, boksi la mkate mkavu usiotiwa chachu kifuani. Alikuwa amelifuata kwenye sinagogi, ng'ambo ya mji, na njiani makombora yalimlaza kifudifudi juu ya boksi. Inna alipolifungua hakukuta kipande kizima hata kimoja.

"Umelalia mkate wa Mungu, wewe!"

"Ulitaka nilalie nini, dada? Lami tupu?"

Mama Tsilya akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwache mwenzio. Kwani tusingeuvunja?"

Jua lilipozama waliwasha mishumaa, wakabariki vikombe. Yakafika maswali. Mama Tsilya akamgeukia mwanawe.

"Haya. Mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza."

"Mama, mimi nina kipara!"

"Kipara chako hakinihusu. Wa mwisho niliyemzaa ni wewe."

Grisha hakuyajua maneno. Utotoni mwake, enzi za serikali iliyopiga vita dini, Pasaka ililiwa mapazia yakiwa yamefungwa, na mtoto hakufundishwa asije akaropoka shuleni. Ikabidi Inna amnong'oneze, naye akafuatisha kwa sauti yake nzito: "Mbona usiku huu si kama usiku mwingine wote?"

Kishindo kikapiga mbali, vikombe vikagongana. Watoto huliimba swali hili wakiwaza peremende. Grisha aliliuliza kama mtu anayetaka kujibiwa.

Mama Tsilya hakufungua kitabu cha sala kutafuta jibu.

"Mimi niliuliza nikiwa na miaka saba," alisema. "Tulikuwa Fergana, mbali huko mashariki, tumewakimbia Wajerumani. Mkate wa aina yoyote hatukuwa nao. Baba akachora duara kwenye vumbi la sakafu kwa kidole, akalibariki. Akaniambia, 'Tulikuwa watumwa wa Farao, Mungu akatutoa. Si wao, Tsilya. Sisi. Na wewe ulikuwepo.' Baada ya hapo wakamchukua vitani. Sikumwona tena."

Maisha yake yote Inna hakuwahi kukisikia kisa hicho. Alimtazama mama yake, akahisi kana kwamba nyuma ya yule kizee korido haina ukuta, kwamba watu wamejipanga huko gizani, mmoja nyuma ya mwingine, hadi Misri.

"Mfungulie Nabii Eliya," Mama Tsilya alimwambia Grisha ulipofika wakati wa kumkaribisha, kama ilivyo desturi ya usiku huo.

Grisha akafungua mlango, akabaki pale pale. "Njooni muone."

Dirisha la ngazini halikuwa na kioo, na mwezi mpevu wa Pasaka ulijaa pale wote. Mji mzima haukuwa na taa hata moja. Maghorofa yaliyoungua yalisimama meupe kama chumvi, na hata mizinga ilikuwa imenyamaza. Inna alizaliwa katika mji huu, lakini hakuwahi kuuona ukimulikwa na mwezi peke yake. Ile aibu hakujua imekwenda wapi.

Mama Tsilya alijikongoja akishika ukuta, akauegemeza mkono begani kwa Grisha.

"Ndio huu huu," alinong'ona. "Ndio uliotumulikia njia tulipotoka Misri."

Mizinga ikaanza tena upande wa kaskazini.

"Mama, turudi ndani," Inna alisema.

"Ngoja kwanza."

Akaanza wimbo wa sifa, kwa sauti nyembamba inayokatikakatika. Wanawe wakaupokea, na wote watatu wakauimba pale mlangoni mpaka ubeti wa mwisho.