Bomba la Mita Kumi na Mbili

Wenzake kazini walimwita Mama Kipimo, na hawakuwa wanamsifu tu. Alikuwa fundi bomba wa kupima mara tatu, kisha akamtilia shaka aliyemshikia futi.

Safari hii alijiona ana haki. Bomba la maji machafu lilitoka vyooni, likapita juu ya korido mita kumi na mbili hadi kwenye shimo la mabomba. Kila mita lilitakiwa kushuka sentimita mbili. Likipungukiwa mteremko uchafu unakaa, na uchafu ukikaa juu ya dari ya zahanati, jina la fundi limekwisha. Jumatatu jioni, akiwa upande wa madirisha, aliliacha likishuka vizuri. Jumanne asubuhi alipanda jukwaa upande wa milango, akaweka juu ya bomba pima maji, kifaa chake cha kupimia usawa, ncha moja ikikalia kibao chenye kimo cha mteremko unaotakiwa, na kiputo, badala ya kutulia katikati, kikakimbilia pembeni. Mteremko ulikuwa umepungua karibu nusu.

"Nani amegusa bomba langu?"

Alimtazama mtu mmoja tu: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa dari. Nani mwingine? Si yeye aliyelalamika wiki nzima kwamba bomba likishuka vile litamharibia dari?

"Shemeji, mimi sijagusa," alisema. "Ila hiyo pima maji yako ilianguka juzi. Hebu igeuze uone."

"Ahaa, sasa kosa ni la pima maji! Kesho utasema ni la maji."

Mafundi wakaangua kicheko. Mama Kipimo hakucheka. Pima maji ile ilikuwa ya mumewe, na kuisema vibaya aliona ni kumsema marehemu.

Akalirekebisha bomba, akapaka rangi nyekundu kwenye kila nati ya vishikio, ili mkono wa mtu ukipita aujue. Baada ya chakula cha mchana akapanda tena upande wa madirisha. Mteremko sasa ulikuwa umezidi! Na rangi haikuwa na hata ufa. Mtu mwingine hapo angejiuliza. Mama Kipimo akasema moyoni: kumbe mjanja huyu ana rangi yake.

Akarekebisha tena, akashuka moja kwa moja hadi kwa msimamizi. Saa kumi shemeji alikuwa anakusanya vifaa vyake, kazi imeota mbawa. Ndiye aliyelala sebuleni kwake miezi miwili baada ya mazishi ili watoto wasiogope. Hakubishana na mtu.

"Wasalimie watoto," alisema tu.

Mama Kipimo akafunga korido kwa kufuli na kulala na ufunguo chini ya mto. Jumatano asubuhi alifungua mwenyewe, akapanda upande wa milango, akapima.

Mteremko umepungua tena.

Shemeji hayupo. Ufunguo anao yeye. Akaitazama pima maji mkononi, maandishi yake yakimwelekea, maana ndivyo alivyozoea kuishika, awe upande wowote. Upande wa madirisha ncha moja ilielekea vyooni. Upande wa milango, ncha nyingine. Taratibu akaigeuza palepale, ncha kwa ncha, kibao kikiwa kilekile mahali palepale. Kiputo kikatulia katikati. Akaigeuza tena. Kikakimbia. Bomba halikuwa limeguswa; pima maji ndiyo iliyokuwa ikidanganya.

Aliona aibu. Akakaa juu ya jukwaa, akapiga simu.

"Shemeji, nimeigeuza."

Kwenye simu alisikia mke wa shemeji akiuliza ni nani.

"Umemwambia msimamizi?"

"Bado."

"Na wale waliocheka?"

"Bado, shemeji. Nisamehe."

"Waambie kwanza. Halafu unipigie."

Simu ikakatwa. Mama Kipimo akashuka, pima maji ya mumewe kwapani, akaenda pale walipokuwa wanakunywa chai wote.